Malkia Aliyeshuka Debre Damo

Kaka yangu alinikabidhi viatu vyake, akafungwa mkanda wa ngozi kiunoni, akashika kamba ya pili kwa mikono miwili, akaanza kupanda. Jabali la Debre Damo, mahali hapo pa kupandia, lina kimo cha mita kama 15, na halina ngazi. Juu ukingoni, kwenye mlango mdogo wa mawe, mtawa alikuwa akiuvuta ule mkanda kila kaka alipopata pa kukanyaga. Vidole vyake vya miguu vilitafuta vishimo ambavyo miguu ya watu wa karne nyingi imevilainisha. Mara mbili aliteleza, akaning'inia, akazunguka kidogo kama ndoo kisimani. Kisha mikono miwili ikamdaka, akatoweka.

Mimi nilibaki chini. Debre Damo, monasteri ya Tigray, Ethiopia, hapandi mwanamke, wala mbuzi jike, wala kuku tetea. Hilo nililijua kabla sijatoka nyumbani Malindi, na bado nilikuja, kwa sababu niliyekuwa nikifuata nyayo zake hadi mlimani pale ni mwanamke.

Nimekulia karibu na mnara wa Vasco da Gama. Kila mtoto wa Malindi anaujua: mnara mweupe kwenye rasi, msalaba wake umechongwa kwa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Shuleni tulifundishwa kwamba alitia nanga kwetu Aprili 1498 baada ya kukorofishana na watu wa Mombasa, kwamba Sultani wa Malindi alimpokea na kumpa rubani, na kwamba kabla ya mwezi mmoja kwisha alikuwa tayari ng'ambo, Calicut. Tulifundishwa pia yaliyofuata mwaka 1505, merikebu za Ureno zilipoiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Kwa hiyo mnara ule sijawahi kuupita bila kuhisi mambo mawili kwa pamoja, fahari ya mji wangu na uchungu wa pwani yangu. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba yule baharia alikuwa na mtoto wa kiume ambaye naye alikuja upande huu wa dunia, na kwamba yeye hakwenda na bahari bali alipanda milima.

Aliitwa Cristóvão. Mwaka 1541 alikuwa kijana wa miaka kama 25. Kaka yake, Estêvão, alikuwa gavana wa Wareno huko India, na mwaka huo aliongoza merikebu ndani ya Bahari ya Sham hadi Suez, akarudi Massawa. Uhabeshi ilikuwa taabani. Imamu Ahmad ibn Ibrahim wa Adal, ambaye Wahabeshi humwita Gragn, yaani mtu wa mkono wa kushoto, alikuwa amewashinda tangu 1529 na kuiteka sehemu kubwa ya nyanda za juu. Mfalme Lebna Dengel alikimbia mlima kwa mlima miaka mingi, akatuma ujumbe Ureno kuomba msaada, akafa Septemba 1540 bila kuuona. Alifia Debre Damo. Tarehe 9 Julai 1541, Cristóvão na askari 400 waliiacha pwani, wakaanza kupanda.

Massawa, ambako nami nilianzia, ilinishangaza kwa jinsi nilivyoizoea. Vichochoro vyembamba, nyumba za matumbawe, madirisha ya mbao yenye nakshi, wazee barazani. Ungenifumba macho na kunifumbua pale, ningesema niko Lamu. Joto lake tu ndilo lisilo la kwetu. Mreno mmoja aliyekuwamo safarini, Miguel de Castanhoso, aliandika habari za msafara ule, na kitabu chake kikachapwa Lisbon mwaka 1564. Anasema walitembea usiku kwa kuwa mchana haukuvumilika, na penye magenge makali mizigo ilishushwa kwenye wanyama ikapandishwa mabegani mwa watu. Siku hizi kuna barabara. Kutoka Massawa hadi Asmara ni kilomita kama 115, na katika mwendo huo mfupi unatoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,300. Nilipanda nikiwa nimelowa jasho. Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nimejifunika leso mbili, ukungu umeifunika njia, na nyani wamekaa ukingoni wakituangalia kama maaskari wa zamu.

Debarwa, kusini mwa Asmara, ni mji mdogo leo. Zamani ulikuwa makao ya Bahr Negash, maana yake mtawala wa bahari, ingawa bahari haionekani kutoka pale. Hapo ndipo Wareno walipopitisha masika, maana milima ya Uhabeshi haipitiki mvua zikishika, na hapo ndipo walipoambiwa kwamba mama yake mfalme mpya yuko juu ya mlima usiopandika. Mfalme mpya, Gelawdewos, alikuwa kijana, mbali kusini, na jeshi dogo. Bila mtu wa nyumba ya kifalme kati yao, Wareno wangekuwa kundi la wageni wenye mizinga tu, na wanakijiji wasingewapa hata shayiri. Cristóvão akatuma askari 100 na Bahr Negash wakamchukue.

Jina lake Sabla Wangel. Mume wake alikuwa amekufa mlimani palepale. Mwanawe mmoja alikuwa vitani. Mwingine, Menas, alikuwa ametekwa na watu wa Imamu, akapelekwa ng'ambo ya bahari, Yemen. Mlima alikokuwa amejificha ulikuwa mali ya watawa ambao kwa kawaida wasingekubali kivuli cha mwanamke kiuguse. Nimesoma wengi wanaosimulia vita hivi, na karibu wote humpa mstari mmoja, wakakimbilia mizinga. Naona wamekosea mahali pa kutazama. Mizinga haikuwa na pa kwenda hadi mwanamke yule alipokubali kushuka.

Njia yao kutoka Debarwa hadi Debre Damo mimi sikuweza kuifuata. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 100 tu, lakini katikati unapita mpaka wa Eritrea na Ethiopia. Ulifunguliwa kwa vifijo Zalambessa Septemba 2018, baada ya miaka 20 ya uadui, ukafungwa tena muda si mrefu. Basi Oktoba 2019 nilirudi Asmara, nikapanda ndege hadi Addis Ababa, nikapanda nyingine hadi Aksum, ambako kaka yangu alinisubiri, tukaukaribia mlima kutoka upande wa pili. Dereva wetu alikuwa Mtigray aliyeishi Eastleigh miaka sita, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi kabisa. "Dada," aliniambia tulipoiacha lami karibu na Bizet, "huku ni kutikiswa tu mpaka ufike."

Vijiji vya njiani ni vya mawe. Nyumba za mawe, kuta za maboma za mawe, makinga maji ya mawe yanayopanda mlima kama ngazi ili udongo usikimbie na mvua. Mwezi ule mashamba ya teff yalikuwa yakigeuka kutoka kijani kuwa dhahabu, na ukingoni mwa kila shamba kulikuwa na dungusi kakati. Halafu mbele yetu ukatokea mlima uliokatwa juu kama meza. Wenyewe huuita amba. Amba za Tigray na Eritrea ni nyingi, lakini hii pande zake zote ni ukuta.

Wanasema Abuna Aregawi, mmoja wa watakatifu tisa waliokuja Aksum kutoka nchi za Warumi, aliinuliwa hadi juu na nyoka mkubwa aliyemzungushia mkia, huku malaika akiwa amesimama kwa upanga nyoka asimdhuru. Karne ya 6, mfalme Gebre Meskel akajenga kanisa juu yake, na kwa ajili ya ujenzi ikawekwa njia ya kupandia. Kazi ilipokwisha, mtakatifu akaamuru njia iondolewe. Tangu hapo ni kamba. Dereva alitusimulia haya akiwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukionyesha jinsi mkia ulivyojikunja.

Kwangu mimi mtoto wa pwani, kuna jambo jingine la Debre Damo linalonigusa kuliko nyoka. Kabla ya katikati ya karne iliyopita, mlimani pale ziliokotwa sarafu za dhahabu zaidi ya 100 za wafalme wa Kushan, waliotawala kaskazini ya India na Afghanistan karne za mwanzo baada ya Kristo. Dhahabu ile ilivuka bahari ile ile ya kaskazi na kusi iliyowaleta babu zetu, ikapita bandari ya Adulis, jirani ya Massawa, ikapandishwa milima hii mgongoni mwa mnyama, na mwisho mtu akaivuta juu kwa kamba. Kilele kinachoonekana kimejitenga na dunia kilikuwa na dunia mfukoni mwake.

Chini ya jabali nilikuwa pamoja na wanawake kama ishirini. Zilibaki siku chache kufikia sikukuu ya Abuna Aregawi, mwaka ule tarehe 25 Oktoba, na waliofika mapema walikuwa wamekaa juu ya mawe, mashela meupe vichwani, wakiomba wakielekea ukuta. Mwanamke mmoja mtu mzima alinisogezea nafasi. Akanipa shayiri ya kukaanga kutoka kwenye kitambaa chake, nami nikampa tende. Alimuuliza dereva nimetoka wapi. Dereva alipomweleza, akauliza kama huko pwani kuna milima. Hakuna, nikasema. Akanishika mkono kwa huruma, kama niliyempa habari ya msiba.

Nilimwuliza kama anamjua Sabla Wangel. Alilitaja jina hilo kama mtu anayemtaja mama mkwe. Alipanda, akasema, kwa sababu alikuwa akikimbia. Na walimpandishaje? Akaonyesha kapu kwa mikono yake. Castanhoso pia anataja kapu na kamba.

Anaeleza vilevile jinsi malkia alivyofika Debarwa, amepanda nyumbu, amefunikwa kitambaa cheupe chepesi hadi yakabaki macho tu. Wareno wakajipanga, wakapiga mizinga ya heshima. Kijana wa miaka 25, mtoto wa yule baharia, akamwendea, naye malkia akakifunua kidogo kile kitambaa ili amwone. Kuanzia hapo vijiji vilianza kuleta chakula.

Masika yalipokwisha waliteremka kusini, Sabla Wangel akiwa nao. Katika mapigano ya Aprili 1542 Imamu Ahmad alijeruhiwa mguuni, akarudi nyuma, akaomba msaada kwa Waturuki wa Yemen, akapewa askari wa bunduki kama 900. Mwezi Agosti, huko Wofla, walivunja kambi ya Wareno. Cristóvão alikamatwa na kuuawa. Waliosalia hawakujua waende wapi. Malkia ndiye aliyewaongoza milimani hadi mwanawe Gelawdewos alipowafikia. Tarehe 21 Februari 1543, Wayna Daga, Imamu aliuawa.

Mimi ni Mwislamu, na sioni haya kusema kwamba nilisoma habari za mwisho wake kwa moyo mzito. Wengi wa upande wake ni watu ambao majina yao yanafanana na ya kwetu. Nilipofikia mkewe, Bati Del Wambara, niliacha kuhesabu pande. Mwanawe, Muhammad, alikuwa ametekwa siku ile ile baba yake alipouawa. Sabla Wangel alikuwa na mwana mateka kwa Waturuki. Wakapelekeana ujumbe, wajane wawili ambao waume zao walikuwa maadui wa damu, wakabadilishana watoto. Menas akarudi kwa mama yake, Muhammad kwa wake. Vita havikuishia hapo. Del Wambara aliolewa na Nur ibn Mujahid wa Harar, na mwaka 1559 Nur alimuua Gelawdewos vitani. Aliyerithi kiti alikuwa Menas, yule aliyebadilishwa.

Mwaka mmoja baada ya safari yangu, Novemba 2020, vita viliwaka Tigray. Msikiti wa Negash, kwenye mji unaokumbukwa kwa Waislamu wa kwanza waliopewa hifadhi na mfalme wa Aksum, ulipigwa. Debre Damo pia ilipigwa, na habari zilizotoka zilisema makazi ya watawa yaliharibiwa. Mkataba ulitiwa saini Pretoria Novemba 2022. Dereva wetu nilimpata kwa simu miezi mingi baadaye, yuko hai. Kuhusu mwanamke wa shayiri hakuwa na la kunijibu, kwani hatukuwa tumemwuliza jina wala kijiji, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kaka alikaa juu saa mbili. Nilikuwa nimemtuma jambo moja: aende ukingo wa kaskazini, aangalie, aje aniambie mtu aliyeko kule anaona nini.

Aliposhuka, viganja vilikuwa vyekundu. Alianza na kanisa, kuta zake za tabaka la mawe na tabaka la mbao, dari iliyochongwa tembo na simba na ngamia, na mabwawa yaliyochimbwa kwenye mwamba, maji yake ya kijani. Nikamkatiza. Kaskazini je?

"Unaona kila kitu," akasema. "Mabonde yote hadi Eritrea. Anayekuja unamwona nusu siku kabla hajafika. Ila huwezi kujua ni nani."

Nikawafikiria wale askari 100 wakikaribia kwa mstari, chuma chao kikimetameta, na yeye pale juu akiwatazama.

"Na kushuka?"

"Kushuka kubaya zaidi, dada. Unatoka kinyumenyume, huoni mguu unakanyaga wapi. Aliyeshika kamba humwoni kabisa."

Nilimrudishia viatu vyake. Yule mama alikuwa ameshapanga shayiri nyingine juu ya kitambaa, mafungu matatu sasa, akatuita tule.