Nani Anamshirikisha Nani?

Katika lugha ya ofisi na miradi hakuna sifa iliyochoshwa na kazi kama shirikishi. Kuna tathmini shirikishi, bajeti shirikishi, utafiti shirikishi, na bila shaka warsha shirikishi yenye chai na sambusa. Hapa nalifuata neno hilo mahali lilipopewa uzito wa sheria: katika kupanga matumizi ya misitu na ardhi ya umma. Istilahi yenyewe kwa ukamilifu ni usimamizi shirikishi wa misitu. Tanzania iliiweka katika Sera ya Misitu ya 1998, kisha ikaitia nguvu kwa Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Maana yake kwa lugha nyepesi: watu wanaoishi kando ya msitu wanakaa na kupanga nani aingie, akate nini, akikosea alipe nini na fedha ziende wapi.

Ardhi ya umma nayo inataka tahadhari. Mkenya akitamka maneno hayo, anazungumzia fungu moja kati ya matatu yaliyomo katika Katiba ya 2010: ardhi ya umma, ardhi ya jamii na ardhi ya kibinafsi. Ukivuka mpaka wa Namanga maana inabadilika. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndani ya hiyo ndimo mna ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Shamba la mahindi la mkulima wa Babati na msitu wa hifadhi wa taifa vyote viwili ni ardhi ya umma. Kinachovitenganisha ni nani ana mamlaka ya kuvisimamia. Tuiweke hoja hiyo karibu, maana ndiyo inayoamua ushirikishi uchukue sura gani.

Sasa neno lenyewe. Shina lake ni la Kiarabu, na Kiswahili kimeishi nalo miaka mingi: mashirika ya biashara, vyama vya ushirika vya kahawa na pamba, hata kwenye mimbari za misikiti, ambako kumshirikisha Mungu ni dhambi kuu kuliko zote. Matumizi haya ya mimbarini ndiyo yanayonivutia. Anayemshirikisha Mungu hajamwalika mtu kwenye kikao. Amempa kiumbe fungu katika mamlaka yasiyogawanyika. Kwa maana hiyo ya zamani, kushirikisha ni kugawa madaraka, tena kwa kiwango cha kutisha. Katika taarifa za miradi kitenzi hichohicho kimesinyaa hadi kikamaanisha kuita watu, kuwaeleza, na kuwaandika majina.

Kisha kuna sarufi. Shirikishi imetokana na kushirikisha, si kushiriki, na kauli ya kutendesha daima ina watu wawili: anayetendesha na anayetendeshwa. Mwanakijiji akisema “tulishiriki”, yeye ndiye mtenda. Akisema “tulishirikishwa”, kuna mtu mwingine nyuma ya sentensi, naye ndiye aliyechagua siku, ajenda na lugha ya kikao. Wataalamu wa istilahi wangeweza kutupa “usimamizi wa ushiriki” au kitu cha namna hiyo. Waliotupa shirikishi, kwa kujua au kwa bahati, walitupa neno la kweli zaidi kuhusu mambo yanavyokwenda.

Mfano unaoonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko yote niijuayo ni msitu wa Duru-Haitemba, Babati, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Manyara. Ni msitu wa miombo wa hekta zipatazo 9,000, umezungukwa na vijiji vinane. Serikali ilikusudia kuutangaza kuwa msitu wake wa hifadhi, na kazi ya kupima mipaka ilishaanza. Wanavijiji wakapinga. Wakati mvutano ukiendelea, msitu ulizidi kukatwa, kwa sababu kila mtu aliona bora achukue chake kabla haujawa wa serikali. Mwaka 1994 mpango ukageuzwa: vijiji vikaachiwa kila kimoja kisimamie kipande chake, na serikali ibaki kuwa mshauri.

Kilichotokea baada ya hapo kinasimuliwa mpaka leo na watu wa misitu. Walipoulizwa kama watumiaji wanataka nini kutoka msituni, wanavijiji walitoa orodha ndefu: kuni, fito, mbao, mkaa, malisho, dawa, mashamba. Ni jambo la kutarajiwa. Ukimwuliza mtu anataka nini katika mali ya mwingine, hatasema kidogo. Walipoulizwa kama wenye dhamana msitu wao unaweza kuvumilia nini, orodha ikapungua mikononi mwao wenyewe. Mkaa ukapigwa marufuku, kufyeka mashamba vilevile, na ukataji ovyo wa miti mibichi. Vijana wa kijiji wakaanza doria, faini zikapangwa, na sheria ndogo zikapelekwa halmashauri ya wilaya zikapitishwa. Watu walikuwa walewale na miti ileile, na ofisa wa misitu hakuwa ameleta elimu mpya ya kushangaza. Utaratibu huo ukaigwa Mgori, Singida, kwenye msitu mkubwa zaidi, na uzoefu wa sehemu hizo mbili ukaingia katika sera ya 1998.

Kwa sheria ya leo mpango wa namna hiyo huanza na halmashauri ya kijiji na kamati ya maliasili. Mpaka hutembelewa kwa miguu, wazee wa pande zote mbili wakiwepo, kwa sababu mgogoro wa mpaka ukiachwa ndani ya mpango hautatoka tena. Ramani ya kwanza mara nyingi huchorwa chini: majivu kwa barabara, majani mabichi kwa msitu, mawe kwa nyumba, na mzozo wa kweli huanzia hapo, pale mfugaji anapookota kijiti na kuonyesha njia ya mifugo ambayo hakuna aliyeichora. Baadaye msitu hugawanywa katika maeneo ya kuhifadhi kabisa na ya kuvuna, miti huhesabiwa katika viwanja vya sampuli, kiwango cha uvunaji hupangwa. Mwisho mpango husomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Msitu ukiwa umetangazwa kuwa hifadhi ya kijiji, mapato ya mazao yake ni ya kijiji. Kilwa ndiko jambo hili lilikoonekana kwa fedha: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu, cha FSC, na mpingo wake, mti unaotengenezewa klarineti na obo, ukaweza kuuzwa kwa jina la kijiji.

Huo ni usimamizi wa misitu wa jamii, na uko kwenye ardhi ya kijiji. Chini ya mwavuli uleule kuna ndugu yake, usimamizi wa pamoja, ambao uko kwenye misitu ya hifadhi ya serikali. Huku mwenye msitu habadiliki. Kijiji na serikali huwekeana mkataba. Kijiji hufanya doria, hukamata wavunjaji, huzima moto. Kinachopata ni jambo jingine. Sheria ya 2002 iliruhusu mikataba hiyo bila kutaja asilimia ya mgawo, na katika misitu mingi wanakijiji walilinda kwa miaka huku mkataba ukisubiri sahihi ya upande wa pili. Kwa maoni yangu ni kosa kuzifunika hali hizi mbili kwa neno moja. Afadhali mwandishi aseme wazi usimamizi wa jamii au usimamizi wa pamoja, ili msomaji ajue mara moja mamlaka yako wapi.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliandika makala iliyoweka ushiriki wa raia kwenye ngazi ya vipago vinane. Chini kabisa kuna kulaghaiwa, katikati kuna kupashwa habari na kuombwa maoni, juu kabisa raia wenyewe ndio wanaoamua. Shirikishi yetu inapanda na kushuka ngazi nzima bila kubadili sura. Ushahidi unaotolewa, karibu kila mara, ni karatasi ya mahudhurio: namba, jina, kitongoji, simu, sahihi. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba watu walikuja na huenda walipata posho. Haionyeshi pendekezo lipi la wanakijiji lilibadilisha mstari upi wa mpango, wala haionyeshi kwamba wafugaji walikuwa wameenda mbali pamoja na mifugo yao siku ya mkutano kwa sababu ulipangwa kiangazi.

Kenya wamekwenda njia ya mahakama. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na mahakama hazikulichukulia hilo kama pambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ile haikuwa kesi ya msitu, lakini mpango wa msitu unaoandaliwa na shirika la misitu pamoja na chama cha jamii cha msitu husika unatengenezwa katika nchi ambako kikao cha kuigiza kinaweza kufikishwa kortini.

Tukirudi Tanzania, Usukumani dhana ya ushirikishi ilikuwepo kabla ya istilahi. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi nyasi zinapokwisha kwingine. Kuna ngitili za kaya na kuna za kijiji, na sheria zake zilitungwa na kusimamiwa katika mkutano wa wenyeji, dagashida. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 ukiwa na vitalu vya miche, kisha ukagundua kwamba kuacha ngitili zifungwe kulirudisha miti mingi kwa gharama ndogo. Neno likaingia kwenye Kiswahili cha maofisa lilivyo, bila kutafsiriwa. Na sentensi zake zina sarufi nyingine: ngitili hufungwa na hufunguliwa, na anayefunga na kufungua ni mwenye ngitili au dagashida. Hapo ofisa wa wilaya akitaka kuwemo, ni yeye anayeomba kushirikishwa.