Kampuni iliyosuswa na mzazi, leo simu zote kali zinaitegemea

Wadau, hapa Mwamapalala tunabishana kila siku Samsung au iPhone, ila waliotengeneza mashine za kuchora chipu zake hakuna anayewajua hata kwa jina.

Mwaka 1984 kule Uholanzi, Philips na ASM International walianzisha ASML. Mafundi wa kwanza wakapewa banda linalovuja, pembeni ya majengo ya Philips mjini Eindhoven. Soko lilikuwa la Wajapani, Nikon na Canon. Kufika 1988 ASM International ikachoka kumwaga hela, ikajitoa. Hapo wengi wetu tungefunga duka.

Wao wakakomaa na mwanga wa EUV. Sikia hii: madini ya bati (kama yale ya Kyerwa, Kagera) yanayeyushwa, yanadondoshwa matone, kila tone linalipuliwa na leza, mara 50,000 kwa sekunde moja! Mwanga unaotoka hapo hewa inaumeza na lenzi inaumeza, kwa hiyo ndani ya mashine hewa inanyonywa yote, halafu mwanga unarushwa kwa vioo vya Zeiss ya Ujerumani.

Hela ziliisha? Mwaka 2012 wateja wenyewe, Intel, TSMC na Samsung, walinunua hisa ili utafiti usife. Yaani mnunuzi anamchangia fundi mtaji, maana akifa fundi na yeye kaisha.

Nikon na Canon wakabaki na mashine za mwanga wa zamani. Ya EUV anauza ASML peke yake, dunia nzima.