Jicho Linalolala Kila Maghribi Si Lazima Liwe Jini

Mimi ni tabibu wa diploma, ingawa mtaani sote twaitwa daktari. Miaka kadhaa nyuma, zamu ya asubuhi, kijana alimleta mamake. "Daktari, ikifika Maghribi macho yake yanafunga na sauti inatokea puani." Nikampima: macho wazi, sauti safi, presha sawa. Nikampa dawa ya matone nikamwambia apumzike. Nyumbani wakaamua kwamba kinachokuja Maghribi ni jini. Akasomewa, akanywa kombe. Miezi minne baadaye alirudi hawezi kutafuna wala kumeza mate.

Kosa lilikuwa langu. Ugonjwa wa jioni niliutafuta asubuhi.

Ugonjwa wenyewe unaitwa miasthenia gravisi, nao ni adimu. Tukitaka kusogeza kiungo, mshipa wa fahamu humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli huipokea. Kwa mgonjwa huyu kinga ya mwili imekosea adui: inaziba na kuharibu sehemu za msuli zinazoipokea kemikali hiyo. Msuli huanza kazi vizuri, ukachoka kadiri unavyotumika, na ukipumzika nguvu hurudi. Ndiyo maana aliyelala usiku huamka mzima, na jioni kope zimeshuka. Maghribi haina kosa.

Dalili za kushuku ni hizi: kope kushuka, mara nyingi moja kuliko nyingine, kuona kitu kimoja kuwa viwili, taya kuchoka katikati ya chakula, maji kurudi puani, shingo kushindwa kubeba kichwa, mikono kuchoka ukisuka nywele au kuanika nguo. Hakuna ganzi. Huwapata zaidi wanawake vijana na wanaume wazee, wala hauambukizi.

Vipimo viwili vya kwanza havihitaji mashine. Mwambie mgonjwa atazame juu kwa dakika moja bila kushusha macho. Kope zikiteremka zenyewe, shuku. Kisha funga barafu kwenye kitambaa, uiweke juu ya kope iliyofungwa kwa dakika mbili. Kope ikipanda, mwandikie barua ya rufaa. Huko hospitali kubwa watapima damu na kupiga picha ya kifua, kwani mgonjwa kama mmoja kati ya kumi huwa na uvimbe kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari.

Dawa ipo. Mwaka 1934, daktari Mary Walker wa London aliona kwamba wagonjwa hawa wanafanana na mtu aliyepata sumu ya kurare, inayolegeza misuli. Akajaribu dawa inayopinga sumu hiyo, na nguvu zikarudi kwa muda. Vidonge vya piridostigmini tunavyotumia leo ni vya jamii hiyo hiyo.

Hapa Pwani lipo jambo la kuogopesha zaidi. Homa ikipanda, twafikiria malaria. Kwinini yaweza kumzidishia mgonjwa huyu udhaifu hadi akashindwa kupumua. Jentamaisini na siprofloksasini nazo ni za kuhadhari. Kwa hiyo aliyethibitishwa atembee na jina la ugonjwa wake limeandikwa kwenye karatasi, na alionyeshe kabla ya sindano yoyote. Akianza kuhema kwa shida au kupaliwa na mate, asingoje kupambazuke. Apelekwe penye mashine ya kupumulia.

Dua siikatazi, mimi mwenyewe humsomea mwanangu akiugua. Kusomewa na kupimwa havigombani, na Mtume (SAW) ametuhimiza tujitibu. Ninachoomba ni kwamba moja lisichelewesha jingine.

Kwa wenzangu wa kliniki: familia ikikutajia saa, hiyo saa ni dalili. Uliza inaanza lini, inazidi lini, inapungua ukifanya nini. Ukikuta mgonjwa mzima, mwambie arudi jioni. Nanyi mlio nyumbani, simu mnazo. Mrekodini mgonjwa hiyo hiyo Maghribi, akiwa amelegea, mtuonyeshe asubuhi.

Yule mama alithibitishwa hospitali ya rufaa. Siku hizi humeza vidonge vyake na kuuza mahamri. Miezi minne ile ilipotea kwa sababu mwanawe alinieleza ugonjwa wote kwa sentensi moja, nami sikumsikia.