Neno Moja la Sheria: Jinsi Askari wa Marekani Walivyodai Haki kwa Ugonjwa wa Sukari

Nchi yo yote ipelekayo vijana wake vitani hujifunga kwa deni ambalo haliishi siku ile bunduki zinaponyamaza. Aliyekatika mkono huonekana kwa macho, wala hapana karani atakayembishia. Lakini yuko askari arudiye nyumbani mzima wa viungo, na baada ya miaka 20 au 30 maradhi yakamzukia mwilini. Huyo atathibitishaje ya kuwa maradhi yake yalitoka vitani? Swali hilo liliwasumbua sana askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Habari zao zafaa kuelezwa katika kitabu hiki cha mwaka, kwa kuwa kila chama cha kusaidiana chajua watu waliokataliwa malipo mara moja, wakarudi nyumbani wakidhani neno limekwisha.

Tangu mwaka 1962 hata mwaka 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza juu ya misitu na mashamba ya Vietnam dawa za kuua majani, kadiri ya galani milioni 20, ili adui akose maficho na chakula. Dawa iliyotumika zaidi iliitwa Agent Orange, kwa sababu ya mstari wa rangi ya machungwa uliopakwa katika mapipa yake. Ndani yake mlikuwamo sumu kali iitwayo daioksini. Wenyeji wa nchi walipatwa na sumu hiyo, na askari wa Marekani pia.

Askari hao waliporudi kwao na kuanza kuugua, walikuta mlango umefungwa. Baraza la Rufani za Askari wa Zamani lilikuwapo tangu mwaka 1933, lakini lilikuwa ndani ya idara ile ile iliyokataa madai, na uamuzi wake ulikuwa wa mwisho. Aliyeshindwa pale hakuwa na ruhusa ya kwenda mahakamani. Tena sheria ya mwaka 1864 ilikataza wakili kupokea zaidi ya dola 10 kwa dai la askari. Hapo kwanza ilikusudiwa kumlinda askari asinyonywe. Lakini miaka 100 baadaye ilikuwa imemnyima msaada, maana ni wakili gani atakayefanya kazi ya miezi mingi kwa dola 10? Mwaka 1988 Bunge lilibadili mambo hayo, likaunda mahakama ya pekee ya kusikiliza rufani za askari wa zamani, na ukomo ule wa dola 10 ukaondolewa.

Mwaka 1991 ilitoka sheria ya pili iliyo kubwa. Ilisema kwamba askari aliyetumika katika Jamhuri ya Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na tarehe 7 Mei 1975 atahesabiwa kuwa aliguswa na dawa ile, pasipo kudaiwa ushahidi wa siku na mahali. Tena wataalamu wapewe kazi ya kupima kila ugonjwa unaodhaniwa kutokana nayo. Mwaka 2000 wataalamu hao walitoa taarifa kwamba uko ushahidi, ingawa si kamili, wa kuunganisha dawa hizo na kisukari cha aina ya pili. Mwaka 2001 ugonjwa huo ukatiwa katika orodha ya maradhi yanayokubaliwa.

Msomaji atadhani mambo yalikwisha hapo. La, sivyo. Palibaki neno moja: "katika Jamhuri ya Vietnam" maana yake nini? Idara ilishika kwamba ni lazima askari awe alikanyaga nchi kavu, ama alipita katika mito yake. Baharia aliyekaa miezi mingi katika manowari karibu na pwani alihesabiwa kuwa hakuwako. Baharia mmoja aitwaye Haas, mgonjwa wa sukari, alipeleka dai lake mwaka 2001. Mwaka 2006 alishinda katika mahakama ile mpya, lakini mwaka 2008 mahakama ya rufani iliyo juu yake ilimgeuzia ushindi, na mahabaharia wengi wakashindwa pamoja naye.

Hata hivyo walikuwapo wasiokata tamaa. Bwana Procopio alikuwa baharia katika manowari Intrepid, iliyofika katika bahari ya Vietnam mwaka 1966. Mwaka 2006 alidai malipo kwa ajili ya kisukari, na mwaka uliofuata kwa ajili ya saratani. Mwaka 2009 akakataliwa. Alikwenda mbele ya Baraza akashindwa. Alikwenda mahakamani akashindwa. Akapanda hadi mahakama ile ile iliyomwangusha Haas. Tarehe 29 Januari 2019 majaji 9 kati ya 11 walikubaliana naye. Hoja yao haikuwa ngumu: kwa sheria ya mataifa, nchi yenye pwani huwa na bahari yake pia, yapata maili 12 za baharini kutoka ufukoni, basi aliyekuwa ndani ya bahari hiyo alikuwa ndani ya nchi. Mwaka huo huo Bunge lilitia jambo hilo katika sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Shauri moja liliwafungulia maelfu mlango, lakini wengi walikuwa wamekwisha kufa wakingojea.

Yafaa kujua pia jinsi dai lenyewe linavyopimwa. Kisukari hupewa kiwango cha ulemavu tangu asilimia 10, kwa atosheaye na kujizuia chakula tu, hata asilimia 100 kwa aliye mahututi zaidi. Lakini sukari haiji peke yake: hutia ganzi miguuni, huharibu figo, hufifiza macho. Maradhi hayo nayo huweza kulipiwa, iwapo daktari ataandika waziwazi kwamba yametokana na sukari. Wengi hupunjwa kwa kuutaja ugonjwa wa kwanza na kuyanyamazia uliyoyazaa. Na mizani ya ushahidi ikisimama sawa pande zote mbili, sheria yaamuru askari apewe haki.

Aliyekataliwa ana njia tatu tangu mwaka 2019: kuleta ushahidi mpya, au kuomba ofisa mwenye cheo zaidi azitazame upya karatasi zile zile, au kupeleka rufani kwa Baraza. Akifanya hivyo kabla mwaka mmoja haujapita, tarehe ya dai lake huhifadhiwa, na akishinda hulipwa kuanzia hapo. Akichelewa, aweza kupoteza malipo ya miaka mingi.

Basi tujifunze nini? Kwanza, barua ya kukataliwa isomwe mpaka mwisho, kwa kuwa ndani yake mna sababu, na aijuaye sababu ajua pa kushika. Pili, siku zihesabiwe. Tatu, karatasi zitunzwe. Bwana Procopio hangefika po pote kama haingejulikana kwa maandishi manowari yake ilikuwa wapi mwaka 1966, miaka 40 kabla ya dai lake. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ya mtu ni mali yake. Kila mwanachama aliye na cheti cha kazi, cheti cha kuachishwa jeshini au cha hospitali, na akiweke mahali pakavu, tena awaonyeshe mkewe na wanawe mahali hapo, ili siku atakapoitwa kujibu asiwe na maneno matupu.