Mti ni Wangu, Kijiji ni Chetu: Maisha ya Mtwara Baada ya Watu Kuhamishiwa Vijijini

Mwaka 1950 serikali mpya ya China ilipotoa sheria ya kugawa ardhi, kabaila aliondolewa katika milki yake na mkulima fakiri akapewa kipande cha kulima. Na miaka minane baadaye vipande vile vile vikakusanywa upya katika jumuia kubwa za ukulima. Kwa kuwa Mwalimu Nyerere alizuru China mwezi wa Februari 1965, na Azimio la Arusha likafuata miaka miwili baadaye, wako waliodhani kuwa yaliyojiri Mtwara yalikuwa nakala ya yaliyojiri huko. Hasha. Kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, na kutoka mabonde ya mpunga ya Mahurunga na Kitaya kupanda hadi uwanda wa Newala, hapakuwa na kabaila wa kunyang'anywa, ukimtoa Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, aliyejitangazia dola yake Msimbati mwaka 1959, ambaye kisa chake ni cha kuchekesha kuliko cha kuogofya. Ardhi yote ilikuwa imekwisha kutangazwa kuwa ya umma kwa sheria ya Waingereza ya mwaka 1923, na zile hati chache za milki ya kudumu zikaondolewa na serikali ya Tanganyika huru mwaka 1963.

Kilichokuwa na mwenyewe ni mti. Kwa ada ya pwani hii mtu aweza kulima mahali pa ahali yake bila ya kudai kuwa ardhi ile ni milki yake, walakini mnazi au mkorosho alioupanda kwa mkono wake ni mali yake halisi, aweza kuuza, kuuweka rehani na kuurithisha, hata kama umesimama katika kiwanja cha mwingine. Mkorosho, ambao asili yake ni Brazil na uliletwa na Wareno, ulikuwa kwa muda mrefu mti wa kivuli na wa mabibo tu. Bei ya korosho ilipopanda baada ya vita vikuu vya pili, Wamakonde na Wamakua, ambao nasaba yao hufuata upande wa mama na mjomba akarithiwa na mpwawe, walianza kuona akina baba wakiwapa wana wao wenyewe mikorosho waliyoipanda. Mti ule, basi, ulikuwa umeingia hata katika mambo ya udugu, kabla serikali haijafikiri habari ya vijiji.

Mahali pengine nchini watu walihamishwa kwa ajili ya maendeleo; hapa vita navyo vilikuwa na sauti yake. Tangu FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipoanza kupigana na Wareno ng'ambo ya mto mwezi wa Septemba 1964, ukingo wa kaskazini wa Ruvuma uligeuka kuwa mpaka wa hatari, wenye wakimbizi na hofu ya ndege na mabomu yaliyofukiwa njiani, na watu waliotawanyika mmoja mmoja mashambani hawakuweza kulindwa. Kwa hiyo Mtwara, iliyokuwa bado na Lindi ndani yake hadi mwaka 1971, ilikusanya watu wake mapema, ikawa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa wingi wa vijiji vya ujamaa, miaka kadhaa kabla ya Mwalimu kutamka, mwezi wa Novemba 1973, kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 kila mkulima awe anaishi kijijini.

Maisha mapya yalikuwa na fadhila zake, na mwandishi asemaye kuwa yalikuwa mashaka matupu hasemi kweli. Nyumba za fito na udongo zilipangwa mistari miwili kando ya barabara, balozi wa nyumba kumi akijua ahali zote zilizo chini yake. Skuli ilikuwa karibu, zahanati aghalabu haikuwa mbali, na jioni wazee waliokuwa hawajapata kushika kalamu walikaa pamoja na wajukuu wao kujifunza kuandika majina. Asubuhi ya zamu rimu kuukuu ya gari ilipigwa kwa chuma, na kila mwenye nguvu akaenda na jembe lake katika shamba la pamoja, ambalo, ikiwa tutasema kwa insafu, lililimwa kwa mkono wa kulia huku moyo ukiwa kwenye shamba lingine.

Shamba hilo lingine ndilo lililobaki nyuma. Mkorosho hauhitaji maji ya kumwagiwa, lakini hauvumilii kuachwa. Kabla ya msimu chini yake hufyekwa na kufagiwa, kwa kuwa korosho hazichumwi bali huokotwa zikianguka pamoja na mabibo yake. Aokotaye huinama tangu alfajiri, hushika bibo kwa mkono mmoja na kuipindua korosho kwa mwingine mpaka ing'oke, kisha huzianika juani siku mbili tatu. Hazikuokotwa leo, kesho zimezibwa na nyasi, ama zimechukuliwa na wapitao. Na nyasi zikikauka, moto wa msituni huteketeza katika alasiri moja mti uliolelewa miaka ishirini. Aliyekuwa akitoka mlangoni na kukanyaga kivuli cha mkorosho wake sasa alitembea saa moja au mbili kuufikia, na huko mabondeni mwenye mpunga alipanda dunguni kuamia ndege, akalala huko huko kwa hofu ya nguruwe na viboko, ilhali katika daftari la kijiji alihesabiwa kuwa mkazi wa barabarani.

Katika msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Kufikia 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sitaki kuubebesha uhamishaji lawama yote, maana bei aliyolipwa mkulima na mamlaka ya korosho ilikuwa duni, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na ubwiri unga ukashambulia maua mpaka watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele walipofundisha kupuliza salfa. Lakini mti usiopaliliwa hudhoofika haraka, na waliosimamia uhamishaji walihesabu kaya bila ya kuhesabu miti.

Watu walianza kurejea pole pole katika miaka ya themanini, kwanza kwa kibanda cha msimu, kisha kwa nyumba kamili chini ya mikorosho, wakiacha kijijini mzee na mtoto wa skuli. Biashara ilipofunguliwa miaka ya tisini mashamba yakafufuliwa, na msimu wa 2017/18 nchi ilipata zaidi ya tani 300,000, sehemu kubwa ikitoka Mtwara. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imevipa vijiji mamlaka ya kutoa hati za kimila, na wapimaji wanaendelea kupita. Ninawaomba wapimaji hao, na halmashauri za vijiji zinazokaa nao mezani, kabla ya kuandika jina la mwenye kiwanja, waulize pia mikorosho na minazi iliyo juu yake ni ya nani, nao waandike.