Jivu la volkano: Jinsi ya kuokoa mapafu yako

JULAI 2007, wakazi wengi wa Nairobi walitoka mbio kwenye majumba marefu baada ya ardhi kutikisika. Chanzo kilikuwa kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu. Septemba mwaka huo mlima wenyewe ulilipuka ukarusha jivu angani, na milipuko ikaendelea hadi 2008, jivu likiangukia malisho na mifugo.

Wengi wetu tunakumbuka tetemeko tu. Lakini Novemba 23, 2025, volkano ya Hayli Gubbi katika eneo la Afar, Ethiopia, ililipuka na kukifunika kijiji cha Afdera kwa jivu, huku wingu lake likivuka Bahari ya Shamu hadi Yemen, Oman na India. Anayeishi katika Bonde la Ufa hana budi kujua la kufanya.

Jina lenyewe hupotosha. Jivu hili si kama lile la kuni, laini na jepesi. Ni mawe, madini na kioo vilivyosagwa na nguvu za mlipuko. Lina makali na haliyeyuki majini. Punje kubwa hunaswa puani na kooni, zikaleta kikohozi na makamasi. Punje ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita hupenya hadi mapafuni, na mgonjwa wa pumu aweza kubanwa na kifua hata kwa vumbi kidogo. Isitoshe, baadhi ya majivu yana silika ya fuwele, ambayo ikivutwa kwa miaka mingi huweza kusababisha ugonjwa wa mapafu unaowapata wachimbaji mawe.

Watu wengi hukimbilia kitambaa kilicholoweshwa maji. Ushauri huo umeenea mno, lakini majaribio ya maabara yameonyesha kuwa kukilowesha hakukiongezei uwezo wa kunasa punje ndogo. Kitambaa ni afadhali kuliko kukosa kabisa, basi.

Kinga bora ni barakoa yenye alama ya N95 au FFP2, mradi ishike uso barabara. Ifunike kwa viganja viwili, kisha pumua nje kwa nguvu: ukihisi hewa ikitoka mashavuni au kando ya pua, ikaze upya. Mwenye ndevu nyingi hataiziba. Barakoa ya kawaida ya hospitali, ile tuliyoizoea 2020, hunasa punje vyema lakini huvuja pembeni. Kufunga kitambaa juu yake huibana zaidi. Watoto wachanga wasivalishwe barakoa kamwe, na wagonjwa wa moyo au mapafu wapate kwanza ushauri wa daktari, kwani barakoa nzito huongeza kazi ya kupumua.

Kukaa ndani, milango na madirisha yakiwa yamefungwa na nguo mbichi zikizibwa chini ya milango, ndiko kinga kubwa zaidi. Hata hivyo, hapa ndipo penye hatari ambayo haitajwi vya kutosha. Usiwashe jiko la makaa katika nyumba iliyozibwa hivyo. Gesi ya kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, na inaweza kuua familia nzima usiku mmoja, jambo ambalo jivu lenyewe halifanyi kwa haraka namna hiyo.

Mchungaji naye hawezi kuambiwa akae ndani huku ng'ombe wakilia kwa njaa. Huyu ndiye anayestahili kupewa barakoa mapema kuliko mtu yeyote, pamoja na miwani ya kuziba macho.

Vumbi likishatua, hatari haijaisha. Kufagia jivu kavu hulirejesha hewani, na mwenye ufagio hulivuta kuliko jirani yake. Nyunyiza maji kidogo kwanza, ukiwa umevaa barakoa, huku watoto wakiwa mbali. Usilimwagie maji mengi juu ya paa, maana jivu lililolowa huwa zito na laweza kuangusha mabati. Kabla ya kulisafisha paa, tenga mfereji unaopeleka maji ya mvua kwenye tangi. Nguo ulizofanyia kazi zikung'utiwe nje, mbali na mlango.

Anayeendelea kukohoa, kukoroma kifuani au kuishiwa pumzi hata baada ya kuingia ndani apelekwe hospitalini bila kuchelewa.