Njia ya Ujiji, kisima cha Denver na nyufa zetu

Misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilipita Uvinza, karibu na mto Malagarasi, kwenye chemchemi za maji ya chumvi. Wavinza waliyachemsha maji hayo kwenye vyungu, na uchimbaji wa kiakiolojia wa mwaka 1967 ulionyesha kuwa kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Chini ya njia ile, maji hutembea ndani ya miamba.

Njia nzima, kutoka pwani hadi Ujiji, iligusa matawi mawili ya Bonde la Ufa: la mashariki upande wa Dodoma, la magharibi Ziwa Tanganyika. Tabora iko katikati, juu ya mwamba mkongwe uliotulia. Kusini-magharibi mwake hakuna utulivu huo: tarehe 13 Desemba 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, miongoni mwa makubwa zaidi kupimwa Afrika.

Tetemeko lile lilikuwa la asili. Kwamba binadamu naye anaweza kuuamsha ufa, ilidhihirika Marekani. Machi 1962 jeshi lilianza kusukuma majitaka ya kemikali katika kisima cha mita 3,671 karibu na Denver. Muda mfupi baadaye ardhi ikaanza kutikisika. Mwaka 1965 mwanajiolojia David Evans alionyesha hadharani kwamba matetemeko yalipanda na kushuka kufuata kiasi cha maji. Kisima kilisimamishwa Februari 1966, lakini matetemeko makubwa zaidi yalikuja mwaka 1967, kwa sababu shinikizo liliendelea kusambaa chini taratibu. Hilo ndilo la kutisha: ukifunga bomba leo, hatari haikomi leo.

Kinachotokea ni hiki. Pande mbili za ufa zimebanwa na uzito wa miamba. Maji yenye shinikizo yakiingia kati, mbano hupungua na pande huteleza. Mara nyingine huteleza polepole, bila mshindo. Jaribio la kusukuma maji ndani ya ufa lililochapishwa mwaka 2015, lililofanyika mita 282 chini ya ardhi kusini mwa Ufaransa, liliona ufa ukianza hivyo, na vitetemeko vidogo vikafuata.

Ufa ukiteleza polepole tumeuona kwetu Tanzania pia. Julai 2007, kusini mwa Ziwa Natron, ufa uliteleza kimyakimya, kisha magma ikapenya miambani jirani; tetemeko kubwa zaidi la siku hizo lilifikia 5.9.

Leo Kenya hurudisha ardhini maji ya mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, nasi tunatafuta jotoardhi Ngozi, Mbeya. Nishati hiyo tunaihitaji. Lakini vipima-tetemeko vifungwe kabla ya maji kusukumwa chini, ili tujue ardhi ilivyokuwa ikitikisika yenyewe, na takwimu zake ziwekwe wazi kwa wanaoishi juu ya nyufa hizo.